Mjibiaji wa Papohapo

Siku ile mjinga alikuwa Shaweji. Tuliseme hilo mapema, maana hata yeye mwenyewe hupenda lisemwe mapema. Watu wakianza kusikia habari za nchi ya Papohapo hukimbilia kuwacheka wenyeji wake, naye huwazuia kwa mkono. "Taratibu," huwaambia. "Wale walizaliwa na ujinga wao. Mimi nilijitia mwenyewe, nikapewa na cheo juu yake. Nianzieni mimi."

Shaweji alikuwa mnadi wa mitumba, mtu wa kupanda juu ya robota la nguo na kulinadi shati lililotoboka kwapani hadi mnunuzi akaamini kuwa tundu lile limewekwa makusudi kwa ajili ya joto. Ulimi ndio uliomlisha na ulimi huohuo ndio uliomponza. Aliwahi kufukuzwa kazi ya upishi wa harusini kwa kumtania bibi harusi, akafukuzwa kazi ya kuchimba makaburi kwa kumtania maiti. Kila alipoanguka aliinuka anacheka, akajipangusa vumbi, akaanza upya mtaa wa pili. Lakini tabia moja haikumtoka kwa kipigo chochote: hakuweza kumwacha mtu amalize sentensi yake. Mtu akimwambia, "Shaweji, mwenzio nina..." yeye hudakia, "Njaa! Twende tukale," kumbe mwenzake alitaka kusema nina msiba.

Namna alivyofika Papohapo haina haja ya kumchosha mtu. Njia za kwenda huko ni nyingi, na wengi wetu huzipita kila siku bila kulipa nauli.

Mlangoni mwa nchi alisimama ofisa aliyefunga vitambaa ncha za vidole vyake vyote. Hakumsalimu mgeni. Aliwasha njiti ya kiberiti, akaishika wima mbele ya pua ya mgeni, akauliza, "Nani wewe?"

"Shaweji mnadi wa mitumba, nimetoka nilikotoka, nakwenda nitakakopokewa, sina ugomvi na kiumbe ila kunguni, na hiyo njiti itakuunguza, bwana mkubwa!"

Moto ulikuwa bado haujaanza hata kushuka. Ofisa alimtazama kama mtu aliyeokota lulu jalalani. Akaipuliza njiti, akawaita wenzake waje wajionee.

Sheria ya kwanza ya Papohapo, na kwa kweli ndiyo pekee, maana zilizobaki zote ni maelezo yake, inasema hivi: mtu aliyeulizwa, asipojibu kabla moto haujafika vidole vya muulizaji, huyo hayupo. Hakuna anayesema ana kosa. Hapigwi, hafungwi, hatukanwi. Hayupo tu. Ukubwa wa mtu nchini mule hupimwa kwa vidole, kwani anayeuliza sana huungua sana, na Jumbe Mkuu, ambaye ndiye hakimu na ndiye mwenye nchi, ana vidole kama pweza aliyesahauliwa jikoni.

Kwa hiyo watu wa Papohapo hujibu. Jamani, wanajibu! Shaweji alimwona bwana mmoja amesimama nje, paa la nyumba yake linawaka kwelikweli, jirani akampitia na njiti mkononi: "Habari za nyumbani?" "Njema kabisa!" alijibu yule bwana kwa mkupuo, na jirani akaenda zake ameridhika. Nyumba huungua mno nchini mule. Wataalamu wao wamelichunguza jambo hilo na wanashuku upepo.

Na wasiokuwepo ni akina nani? Ni watu ambao jibu lao huja kwa njia nyingine au kwa mwendo mwingine. Yumo kiziwi ambaye salamu haikumfikia. Yumo mwenye kigugumizi aliyekuwa angali kwenye herufi ya kwanza moto ulipotua. Yumo mzee aliyepata kiharusi, maneno yake yapo yote ila mlango wa kutokea umekuwa mwembamba. Yumo mama anayejibu kwa kuonyesha picha, na mwingine ambaye jibu analo, ila kwanza lazima azunguke chumba. Wote hawa wanaishi, wanakula, wanafanya kazi, wanapiga chafya. Ila hawapo.

Mara ya kwanza Shaweji alilijua hilo kwa kinyozi. Ofisa alimpeleka akanyolewe ili afanane na watu wenye cheo. Akakaa, akavishwa shuka, wembe ukaanza kutembea kichwani.

"Ana mkono mwepesi," alisema Shaweji. "Anaitwaje?"

"Nani?"

"Huyu anayeninyoa."

"Hakuna mtu hapo," alisema ofisa kwa upole. "Ila kaa vizuri usije ukakatwa."

Kinyozi, ambaye alikuwa kiziwi, alimtazama Shaweji ndani ya kioo, akapandisha nyusi, akaendelea na kazi. Shaweji alicheka. Alidhani ni utani wa mji.

Isidhaniwe kwamba watu wa Papohapo hawana huruma. Huruma wanayo, na wameijengea jengo: Wizara ya Kuwakumbuka Wasiokuwepo. Kila mwaka wizara hiyo hufanya karamu, na mwaka ule Shaweji aliikuta. Mstari wa mbele uliwekwa viti vizuri vyenye utepe, na kila kiti kimeandikwa: Cha Asiyekuwepo. Viti hivyo haviruhusiwi kukaliwa. Mzee wa kiharusi alipojaribu kukitumia kimoja kwa sababu ya miguu, askari alimfukuza, tena bila kusema naye, kwa kumpungia kitambaa kama anayefukuza kuku kwenye mpunga. Pilau ilipikwa na wasiokuwepo, ikapakuliwa na wasiokuwepo. Waziri mwenyewe, mtu mnene mwenye machozi ya karibu, alisimama akahutubia.

"Ndugu zetu hawa," alisema huku sauti inakatika, "lau wangekuwa nasi leo! Tungewauliza wanahitaji nini!"

Akafuta machozi. Aliyekuwa nyuma yake akimpepea kwa kipepeo cha ukili alikuwa mmoja wao. Alisita kidogo, akamtazama kisogoni, kisha akaendelea kupepea.

Katika karamu ileile Shaweji alipewa cheo. Sheria, kwa huruma yake, imeweka watumishi waitwao Wajibiaji: watu wa ulimi mwepesi wanaowajibia wasiokuwepo katika mambo yasiyoweza kukwepwa, kama vile kuuza shamba, kutoa ushahidi na kuoa. Mjibiaji haulizi anayemjibia anataka nini, kwani atamuulizaje mtu ambaye hayupo? Humwangalia usoni mara moja, akakisia, akajibu. Anayejibu kwa madaha hushangiliwa.

"Kazi hii," Shaweji alimwambia ofisa huku akijaribu joho jipya, "nimeifanya maisha yangu yote bila malipo."

Asubuhi iliyofuata alipelekwa kwenye kazi yake ya kwanza, nyumba ya Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa mama wa makamo ambaye miguu yake haikuwahi kumbeba. Alikwenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu aliyoiendesha kwa mikono, na mikono hiyo ilikuwa imara kama ya mbeba mizigo. Kwa sheria ya Papohapo yeye alikuwepo, tena sana, maana ulimi wake ulikuwa ukifika kabla ya njiti. Alimlea Mize, binti wa kaka yake, mwanamke mzima sasa, mshona kofia. Na Mize hakuwepo.

Mize hakuwa bubu wala kiziwi. Alikuwa mtu ambaye swali likimwingia lilishuka kama ndoo kisimani. Lilikwenda chini, likagonga maji, likajaa, kisha likapandishwa polepole bila kumwaga tone. Ukingoja, ulipata maji safi. Lakini ukimtupia swali la pili kabla la kwanza halijapanda, ulikuwa umekata kamba, na ndoo ikarudi chini. Harufu ya kiberiti ilimkera hata akajifunika pua kwa upindo wa kanga. Macho yake hayakupenda macho ya watu, yalipenda sindano.

Siku hiyo Jumbe Mkuu alikuja nyumbani kwao kumposea Bwana Ngwamba, mwenye kiwanda cha viberiti, tajiri kuliko wote nchini. Ngwamba alikuwa ameshaoa na kuacha mara kadhaa, na sababu yake hakuificha.

"Wanawake wa hapa nikikohoa tu wananijibu," alilalamika mbele za watu. "Nataka nyumba ambayo nitauliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Mwanamke asiyekuwepo ndiye ataniweka raha."

Jumbe aliwasha njiti. "Mize binti Faki, unamkubali Bwana Ngwamba awe mumeo?"

Midomo ya Mize ilitikisika. Akatazama kanzu ya Jumbe, akatabasamu. Shaweji aliliona tabasamu lile, akalidaka hewani kama anavyodaka bei sokoni.

"Anakubali!" alinadi. "Anakubali kwa mikono miwili na kichwa juu yake! Na pilau ikiiva, ukoko niwekeeni mimi!"

Vigelegele vikapasuka. Jumbe alicheka mpaka njiti ikazimika yenyewe. Ngwamba alimkumbatia Shaweji. Harusi ikawekwa Ijumaa, na kundi zima likatoka nje kunywa kahawa. Bi Somoe tu ndiye hakucheka, ila sauti yake ilimezwa na vigelegele.

Huko nje Shaweji alijigusa kichwa, akakumbuka kuwa kofia aliivua ndani. Akarudi ndani anapiga mluzi.

"Umeiona kofia yangu?" aliuliza tangu mlangoni.

Mize alikuwa amekaa palepale, kofia ya Shaweji iko mkononi mwake, anafunga uzi uliokuwa ukifumuka.

"Hapana," alisema.

"Hapana vipi, nayo hiyo umeishika?"

"Funga mdomo, wewe mtu!" Bi Somoe alimkemea kutoka pembeni. "Hakujibu wewe. Anamjibu Jumbe. Ngoja amalize!"

Shaweji alifunga mdomo. Haikuwa kazi rahisi, ilikuwa kama kufunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Mize alipitisha uzi, akaukata kwa meno.

"Simtaki Ngwamba," alisema. "Nilicheka kifungo cha Jumbe. Kimeshonwa kwa uzi mwekundu."

Akamrudishia kofia yake.

Shaweji alisimama na kofia mkononi kama mtu aliyesimama mlangoni mwa nyumba ambayo ameiuza bila kuwa yake.

"Umemwozesha mwanangu," Bi Somoe alisema taratibu, "kwa ajili ya ukoko."

"Bi mkubwa, nitakwenda kwa Jumbe. Nitajibu upya. Nitasema hapana, tena hapana ya kupasua paa!"

"Halafu? Ijumaa ijayo akija Mjibiaji mwingine akasema ndiyo? Huyu kila mwaka ataposwa, na kila mwaka watamletea mdomo mpya."

"Basi nifanye nini?" Shaweji alimgeukia Mize. "Mize, nikusemee nini? Niseme unaumwa? Niseme una mtu? Niseme..."

Bi Somoe aliinua kiganja. Shaweji akanyamaza katikati ya neno. Wakangoja. Kahawa ya nje ilipoa, watu wakaanza kuagana, jogoo wa jirani akapita ndani akatoka, na Shaweji jasho linamtiririka kama mbeba zege. Kisha Mize alisema:

"Usinijibie."

Basi Shaweji akaenda kwa Jumbe, akakiri kwamba jibu alilolitoa halikuwa la mwenyewe. Habari ile iliitikisa nchi. Alhamisi Baraza liliitishwa kwa dharura.

Baraza la Papohapo limejengwa juu ya ngazi nyingi, kwa ajili ya heshima. Bi Somoe na baiskeli yake wakabaki chini, kwa hiyo akawa anachangia hoja kwa kupiga kelele kupitia dirishani, na mkutano mzima ukamjibu kwa kuinama. Juu walikaa Jumbe, Waziri wa Kuwakumbuka Wasiokuwepo, Bwana Ngwamba na watu wengine wa vidole. Mize aliwekwa katikati, juu ya kigoda. Shaweji alikaa kando yake na joho lake.

"Hoja ya kwanza," alisema Jumbe. "Nani alisema hapana?"

"Mize, mheshimiwa."

"Hayupo."

"Basi sauti yake."

Waziri alishtuka. "Sauti bila mwenyewe? Hiyo si ya wizara yangu. Hiyo ni ya majini."

"Majini hayajui kushona kofia!" Bi Somoe alipaza sauti kutoka chini. Watu wa karibu na dirisha waliinama, wakamwomba apunguze.

Bwana Ngwamba alisimama. Alikuwa na akili, hilo Shaweji hakumnyima. "Mheshimiwa Jumbe, tukubali kwamba hapana ilisemwa. Hapana ni jibu. Jibu lina swali lake. Swali la kuposa lilikwisha kujibiwa na moto wake ukazimika. Swali lililofuata ndani ya nyumba ile ni lipi? Mjibiaji aliuliza: umeiona kofia yangu? Ikajibiwa: hapana. Hapana ile ni ya kofia."

Baraza zima lilinong'ona kwa kupendezwa.

"Lakini kofia alikuwa ameishika mkononi!" Shaweji alipinga.

"Ndiyo maana hakuiona," alisema Ngwamba. "Asiyekuwepo ataonaje?"

Jumbe aliifurahia hoja ile hata akairudia kwa sauti, akiionja kama halua. Lakini alikuwa mtu wa sheria, na dirishani kulikuwa na Bi Somoe, anayemwita kwa jina la utotoni. Akaamua hivi: swali litaulizwa tena, hadharani, Mjibiaji akiwepo. Mjibiaji akisema ndiyo, harusi ni kesho. Akisema hapana, atakuwa amejikana mwenyewe, jibu lake la pili ni batili, na harusi ni kesho. Na swali la Baraza haliachwi bila jibu. Linaulizwa na kuulizwa mpaka lijibiwe.

"Na nikinyamaza?" Shaweji aliuliza.

Watu walicheka. Jambo hilo halikuwahi kumpitia mtu akilini.

"Ukinyamaza," alisema Jumbe akifuta machozi ya kicheko, "wewe nawe hutakuwepo."

Akatoa kiberiti chake, akawasha njiti ya kwanza. "Mize binti Faki, unamkubali Bwana Ngwamba awe mumeo?"

Mize aliangalia mikono yake. Ndoo ilianza kushuka. Na Shaweji, ndugu zangu, alijua maana ya kuteseka. Majibu yalimjaa mdomoni kama ngano mdomoni mwa njiwa. Alikuwa na ndiyo za kuchekesha na hapana za kuliza. Alikuwa na shairi. Akaung'ata ulimi, akashika pembe za joho kwa mikono miwili. Moto ukashuka, ukamgusa Jumbe. Jumbe akaruka.

"Mjibiaji hajajibu! Hayupo!"

Mara moja macho ya watu wote yakamtoka Shaweji kama inzi waliofukuzwa. Jirani yake wa kulia akanyoosha mguu, akauweka juu ya goti lake. Mpika kahawa akapita, akatafuta mahali pa kuweka birika la moto, akaona mapaja, akaliweka hapo. Shaweji akafumbua mdomo apige ukelele. Akamwona Mize midomo inaanza kutikisika. Akaufunga mdomo ukelele ukiwa ndani, machozi yakamtoka kimyakimya, birika linatoa mvuke kwenye mapaja yake.

Jumbe aliwasha njiti nyingine na kuuliza tena. Na sasa watu wema wakaanza kusaidia.

"Mama, unanisikia?" Waziri alimpigia kelele sikioni, kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"Amekula lakini? Umekula, dada?" aliuliza mmoja.

"Unajua hapa ni wapi?" aliuliza mwingine, akimpigapiga begani.

"Kwani mimi nina kasoro gani?" aliuliza Ngwamba, na kabla hajamaliza kuuliza alikuwa ameshageuka kuzungumza na mtu wa nyuma.

"Swali moja!" Bi Somoe alilia kutoka chini. "Mnamkatia kamba! Mwulizeni moja, mnyamaze!"

Hakuna aliyenyamaza. Njiti zikawaka na kuzimika, chumba kikajaa moshi, watu wakakohoa na kuendelea kumpa moyo. Wakajadiliana mbele yake kama ana huzuni au usingizi. Mmoja akasema tabasamu lake ni la kitoto. Mwingine, mwenye elimu, akasema watu wa namna hii wanapenda muziki, na akaimba kidogo. Jumbe alikuwa amebadilisha mkono wa kulia kwa wa kushoto, na wa kushoto ulikuwa umeanza kunuka.

Kisha akatikisa kiberiti, hakikulia.

Akaomba cha Waziri, kilikuwa kimekwisha asubuhi. Wote wakapapasa mifuko, hakuna. Wakamgeukia Bwana Ngwamba, mwenye kiwanda. Ngwamba alijipekua mpaka kwenye viatu. Tangu atajirike hakuwa akibeba kiberiti. Wengine ndio waliomwashia.

Na hapo lilitokea jambo ambalo Papohapo haikuwahi kuliona. Swali lilibaki limesimama katikati ya chumba bila moto wowote nyuma yake, na watu hawakujua wafanye nini na midomo yao. Waliogopa. Mmoja alitaka kukohoa, akaona haya. Moshi ukatoka dirishani taratibu. Mize akashusha upindo wa kanga kutoka puani.

Walingoja muda mrefu. Wengine walianza kusikia vitu: miti ya paa ikilia kwa joto, birika likitoa mvuke mapajani mwa mtu asiyekuwepo, baiskeli ya Bi Somoe ikisogea huko chini.

"Hapana," alisema Mize. "Simkubali."

Jumbe alifumbua mdomo. Kidole cha Mize kikainuka kidogo, si kwa ukali, kama cha mtu anayeshikilia mahali alipofika katika kushona. Jumbe akaufunga.

"Ndiyo, nakusikia," Mize alimwambia Waziri. "Na walio sokoni wanakusikia."

Waziri, ambaye alikuwa amesahau kuwa aliuliza, alitazama nyuma kuona nani anaambiwa.

"Nimekula. Mihogo na chai." Aliyeuliza hilo alijificha nyuma ya mwenzake. "Hapa ni Barazani, na kigoda hiki kina mguu mfupi." Akanyamaza, ndoo ikapanda. "Kasoro yako, Bwana Ngwamba, ni kwamba unamuuliza mtu huku unampa kisogo."

Chumba kilikuwa kama kimemwagiwa maji. Hawakuwahi, maisha yao yote, kujibiwa kila walichouliza. Waziri alianza kulia, na safari hii hakuwa na hotuba ya kuambatanisha. Mzee mmoja wa vidole vikubwa alimnong'oneza mwenzake, "Huyu mwanamke alikuwa wapi siku zote?" na mwenzake akamjibu kabla hajafikiri, "Jirani yangu."

Lakini Bwana Ngwamba hakuwa mtu wa kuondoka mikono mitupu. Alipiga mguu chini.

"Amechelewa! Jibu la gizani ni jibu gani? Mimi nimepewa ndiyo yangu mchana kweupe, moto unawaka, Jumbe akiwa ameshika njiti kwa mkono wake. Kuna ndiyo au hakuna?"

"Ipo," Jumbe alikubali kwa masikitiko. Alikuwa na haya, lakini sheria ilikuwa ni hiyohiyo na vidole vilikuwa ni hivyohivyo. "Ndiyo iliyotoka ndani ya moto haifutiki. Ikifutwa hiyo, zote zitafutwa, nchi itabaki na nini?"

"Itabaki na watu!" Bi Somoe aliitikia kutoka chini.

"Nakusikia, dada Somoe, lakini ndiyo ipo. Imetolewa. Lazima impeleke mtu kwa Bwana Ngwamba." Jumbe alijikuna kichwa kwa kiganja, maana vidole havikufaa tena. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna jumbe kabla yake aliyelifanya: alimsogelea asiyekuwepo, akachuchumaa mbele ya kigoda, mikono mitupu. "Mize. Ile ndiyo tuifanyeje?"

Akanyamaza. Wote wakanyamaza, hata Ngwamba, aliyesimama na mguu mmoja juu akiogopa kuushusha usije ukalia.

Mize alitazama dirishani, akatazama sakafu, akamtazama Shaweji, ambaye bado alikuwa amelipakata birika la watu.

"Ndiyo ile ni ya Shaweji," alisema. "Ngwamba amuoe yeye."